Bushi za gari: kigumu si lazima kidumu



Juma hili nakusudia kuzungumza nawe juu ya kitu kidogo kuliko kikombe cha kahawa, ambacho yumkini hujapata kukiona kwa macho yako, ingawa kila siku wakitegemea kukufikisha kazini na kukurudisha salama kwa wanao. Kitu hicho ni bushi. Sikukichagua kwa sababu mimi ni fundi, la. Kazi yangu ni kalamu. Nimekichagua kwa sababu kimenitia hasara, na hasara ya mtu mmoja ikisimuliwa vema huweza kuwa akiba ya watu wengi.

Gari letu ni Toyota IST, dogo, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya wafanyakazi wa mjini. Tulilipata kwa kujinyima. Mwaka jana, katikati ya mwaka, lilianza kugonga upande wa kushoto kila tulipopita juu ya tuta au shimo. Nilipofunga breki liliuma kidogo upande mmoja, na tairi la kushoto lilianza kulika kwa ndani. Fundi wa mtaani kwetu akaingia chini, akasukuma huku na huku kwa mtaimbo, akatoka na jibu: “Kaka, bushi za mikono ya mbele zimekwisha.”

Akaniwekea mbele yangu njia tatu. Ya kwanza ilikuwa bushi za mpira zilizotengenezwa na kiwanda kinachojulikana, na bei yake ilinifanya nikohoe. Ya pili ilikuwa bushi za mpira zisizo na jina. Ya tatu ilikuwa bushi za nailoni za kuchonga kwa mashine ya kukereza, ambazo bei yake haikufika hata theluthi ya zile za kwanza. “Chukua za kuchonga, kaka,” alinishauri kwa nia njema. “Hizi ni ngumu. Gari litakufa, zenyewe zitabaki.”

Ulikuwa mwezi wa ada za shule. Nadhani huna haja ya kuambiwa nilichagua zipi.

Kwa muda wa juma moja au mawili nilimsifu fundi yule kila mahali. Kugonga kulikwisha na usukani ukawa mwepesi wa kutii. Lakini kidogo kidogo tuliona mambo mengine. Kila kokoto barabarani ilitufikia mikononi na mgongoni. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye kila tulipotoka Kimara asubuhi alikuwa akisinzia kabla hatujafika Ubungo, sasa alikuwa macho safari nzima. Tulicheka, tukasema mtoto anakua. Kumbe mtoto alikuwa akitueleza jambo ambalo sisi watu wazima hatukulisikia.

Mwezi wa Desemba tulikwenda Muheza kumwona mama mkwe, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Baada ya Segera gari lilianza kulia kama mlango wa zamani. Kesho yake mama mkwe alinipeleka kwa mzee mmoja fundi, jirani yake, mtu wa maneno machache.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Liweke hapo kwenye kivuli.”

Mzee aliingia chini, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniita nami nikalala chini kando yake. Kwa ncha ya bisibisi alinionyesha pale mkono wa gurudumu unapofungwa kwa bolti kwenye fremu ndogo ya mbele. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti na kupanda juu. “Mwanangu,” alisema, “ungekutana na shimo moja kubwa zaidi, gurudumu lingekwenda zake, na ninyi mngekwenda zenu.”

Maneno ya fundi wangu yalikuwa ya kweli: bushi zilikuwa nzima, na gari ndilo lililotaka kufa kwanza. Tulirudi Dar es Salaam kwa basi, gari likabaki Muheza mpaka ilipopatikana fremu nyingine. Gharama yake ilizidi mara nyingi bei ile iliyonifanya nikohoe.

Kazi ya bushi

Siku zile za kusubiri nilimsumbua mzee yule kwa maswali, na tangu hapo nimeendelea kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Gurudumu la gari hushikwa na mkono wa chuma. Upande mmoja mkono huo umeungana na gurudumu, na upande wa pili umefungwa kwenye fremu. Gurudumu likipanda na kushuka, mkono nao hupanda na kushuka. Pale unapofungwa ndipo penye bushi. Bushi ya kawaida ina bomba mbili fupi za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake umejaa mpira ulioganda na chuma hicho pande zote mbili. Bomba la ndani hubanwa na bolti na halizunguki. Bomba la nje limeshindiliwa ndani ya mkono. Basi mkono unapopanda, hakuna kinachosuguana. Mpira wenyewe ndio unaojipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, kisha hujirudi. Kwa kuwa hakuna msuguano, hakuna haja ya grisi. Magari ya zamani yalitumia bushi za shaba nyeusi, na mwenye gari alilazimika kuzitia grisi mara kwa mara. Mpira ulimwondolea kazi hiyo.

Lakini kupinda si kazi yake pekee. Kila bushi ina upande wa kukubali na upande wa kukataa. Katika magari mengi madogo kama letu, mkono una umbo la herufi L na una bushi mbili. Ile ndogo ya mbele aghalabu ni imara. Kazi yake ni kulikataza gurudumu lisiende kando unapokata kona. Ile kubwa ya nyuma ni laini zaidi. Kazi yake ni kuliruhusu gurudumu lirudi nyuma kidogo linapopiga shimo, ili pigo lile lisifike kwenye fremu na kwenye uti wa mgongo wa abiria. Ukiiona bushi ya namna hiyo mpya, utakuta mara nyingi mpira wake una mapengo. Mapengo hayo si ubovu, wala si ubahili wa kiwanda. Yamewekwa kwa makusudi, upande ule ambao bushi yatakiwa kukubali.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, nilifanya nini nilipoweka nailoni mahali hapo. Bushi mbili za mkono wa namna ile, mara nyingi, hazikulala katika mstari mmoja ulionyooka. Mpira huvumilia tofauti hiyo kwa kujipinda huku na kule. Kitu kigumu hakiwezi. Kila gurudumu lilipopanda, mkono ulikuwa ukishindana na bushi zake wenyewe, na ushindani huo ukahamia kwenye bolti, kisha kwenye sikio la fremu. Chuma hakina mdomo wa kulalamika. Hunyamaza mpaka kinapasuka.

Mpira

Njia ya kutoka mjini Muheza kuelekea Amani hupita karibu na mashamba ya mpira ya Kihuhwi. Mzee alinionyesha miti yenyewe, shina limechanjwa na kikombe kimefungwa chini ya chale, utomvu mweupe ukidondoka tone moja moja. “Ile uliyoikataa kwa sababu ya bei, asili yake ni hii,” aliniambia.

Utomvu ule peke yake haufai kitu chini ya gari, kwa maana ukipata joto hunata na ukipata baridi hukauka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba ukiuchanganya mpira na salfa na kuupasha moto, hupata nguvu na kubaki wenye kunyumbuka. Alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1844. Tangu siku hizo wataalamu wamebuni mipira mingi ya viwandani, na ipo inayovumilia mafuta au jua kuliko ule wa mti. Hata hivyo, mpira wa mti bado unatumika sana katika bushi kwa sababu hustahimili kupindwa mara nyingi mno pasipo kuchanika.

Maadui zake ni wanne: mafuta ya petroli na jamaa zake, joto, hewa kali ya ozoni, na umri. Ikiwa injini yako inavuja oili na kudondokea bushi, ziba kwanza uvujaji huo, ama sivyo utanunua bushi kila mara. Kadhalika, usikubali mtu apake bushi za mpira grisi ya kawaida ili “zisilie”. Atakuwa anazilisha sumu.

Usitishike pia ukiona nyufa ndogo juu ya ngozi ya mpira. Hizo ni mvi tu. Bushi iliyokufa ni ile ambayo mpira wake umeachana na chuma, au umepasuka ndani kiasi kwamba mtaimbo ukisukuma mkono unacheza. Zipo pia bushi zenye majimaji ndani yake kwa ajili ya kutuliza mtikisiko. Ukiona kioevu cheusi kimechuruzika kutoka ndani ya bushi, ujue nayo imekwisha, na ni vema uirudishie ya namna ile ile.

Plastiki

Mwaka 1937, mjini Leverkusen nchini Ujerumani, Otto Bayer na wenzake walipata kitu kipya kiitwacho poliyurethani. Leo hii kitu hicho kimo katika magodoro, katika soli za viatu, na pia katika bushi za rangi za kupendeza ambazo huuzwa kwa sifa nyingi.

Sifa hizo si za uongo zote. Plastiki hii ni ngumu kuliko mpira wa kawaida. Katika kipimo cha ugumu kinachoitwa Shore A, mpira wa bushi aghalabu huwa kati ya 50 na 70, ambapo bushi za poliyurethani nyingi huwa kati ya 70 na 95. Huvumilia mafuta vizuri zaidi na hulishika gurudumu kwa uthabiti. Lakini nyingi kati ya hizo hazikugandishwa na chuma. Huzunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo zahitaji grisi ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji. Grisi hiyo ikikauka, gari huanza kulia. Tena zipo aina za plastiki hii ambazo joto pamoja na unyevu huzila polepole mpaka zikamomonyoka, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuna budi kulikumbuka.

Wala usichague kwa rangi. Kila kiwanda kina rangi zake, na nyekundu ya huyu yaweza kuwa laini kuliko nyeusi ya yule. Uliza kipimo cha ugumu.

Mahali pake pazuri ni pale ambapo bushi yatakiwa kukataa zaidi kuliko kukubali, mathalan kwenye stabilaiza, ile fito inayozuia gari kulala upande mmoja kwenye kona. Au kwenye springi za mabamba za gari la mizigo, ambako kazi ni kuzunguka kwa namna moja tu. Mahali pasipofaa ni kwenye mikono inayolazimika kujipinda kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Mwenye gari refu la kupandia milima akizifunga huko ovyo, huenda akaona magurudumu yake hayashuki tena mashimoni kama zamani.

Za kuchonga

Nailoni si kitu kibaya. Ni ngumu, huteleza vema, na hufaa pale ambapo pini yazunguka ndani ya tundu lake. Lakini haikubali upande wowote. Isitoshe, nailoni hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo bushi iliyochongwa kwa kipimo barabara wakati wa kiangazi huweza kubana wakati wa masika.

Wako pia mafundi wanaochonga bushi kutoka katika matairi makuukuu ya malori. Wanastahili sifa kwa ubunifu wao, na aliyekwama njiani akaokolewa na bushi ya tairi hawezi kuwadharau. Lakini tairi limetengenezwa kwa tabaka za nyuzi na waya, na kipande chake hakikugandishwa na chuma. Baada ya muda husagika na kulegea. Bushi ya namna hiyo ikufikishe nyumbani, kisha itolewe.

Simlaumu fundi wangu wa mtaani. Nilimuuliza swali moja tu, “Ipi ni rahisi?” naye akanijibu kwa uaminifu. Lawama ni yangu mimi niliyeuliza swali baya.

Namna ya kufunga

Hapa nakuomba usome polepole, maana bushi bora kabisa huharibiwa siku ile ile inapofungwa. Nimekwisha kusema kwamba mpira hujipinda kutoka pale ulipobanwa. Fundi akiinua gari kwa jeki na kukaza bolti za mkono wakati gurudumu linaning’inia, mpira utabanwa katika hali hiyo ya kuning’inia. Gari likishushwa, mpira utakuwa umekwisha kujipinda hata kabla ya safari kuanza, nao utabaki hivyo mchana na usiku. Hautadumu. Mwambie fundi aziweke bolti kwa mkono tu, kisha gari lishushwe likae juu ya magurudumu yake au mkono uinuliwe mpaka kimo chake cha kawaida, ndipo bolti zikazwe.

Pili, bushi yenye mapengo au alama ielekezwe vile vile ilivyokuwa ile ya zamani. Ikigeuzwa, itakubali mahali pa kukataa. Hivyo, kabla fundi hajaitoa ya zamani, na achore alama kwenye mkono.

Tatu, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, kisha ulipeleke gari likapimwe alaimenti. Bila hivyo tairi litaendelea kulika, nawe utadhani bushi mpya ni mbovu.

Jambo la mwisho ni juu ya afya. Wako wanaotoa bushi kuukuu kwa kuzichoma moto. Moshi wa mpira ni mbaya, na moshi wa poliyurethani una sumu kali. Kama kuna watoto karibu na gereji, fundi atumie mashine ya kushindilia.

Uchague ipi?

Kwa gari la familia linalokwenda kazini, shuleni na mara moja moja kwa wakwe, jibu langu ni mpira ulioganda na chuma, wa kiwanda kinachojulikana. Ikiwa bushi haiuzwi peke yake, nunua mkono mzima. Uwe mwangalifu na mkono uliokwisha kutumika: mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na mkono uliotolewa katika gari la miaka mingi pengine una umri sawa na huo wako. Ukipewa bushi mpya, itazame kama unavyotazama nyanya sokoni. Mpira usiwe na nyufa, usiwe umeachana na chuma mahali popote, na mapengo yake yawe sawa na ya ile uliyoitoa.

Ikiwa wabeba mizigo kwa gari lenye springi za mabamba, poliyurethani nzuri yenye grisi yake yaweza kukufaa. Na ikiwa mfuko haukuruhusu leo, ni heri uendeshe polepole, uache safari za mbali, na uweke akiba kwa miezi miwili, kuliko kuweka kitu kigumu kitakachokunyamazishia kelele huku kikivunja fremu. Kugonga kule kulikuwa ni onyo. Mimi nilinunua ukimya, nikadhani nimenunua dawa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Nami nimejifunza kwamba hata baada ya kuuwahi, yakupasa ujue unafinyanga nini.

Basi, utakapokwenda kwa fundi, usianze na bei. Muulize hivi: “Bushi hii kazi yake ni kukubali upande upi, na kukataa upande upi?” Akikujibu, umepata fundi. Akicheka, mkajifunze pamoja.

Gari letu lilirudi kutoka Muheza mwezi wa Februari, likiwa na fremu nzima na bushi za mpira. Jumatatu ya kwanza tulitoka Kimara alfajiri kama kawaida yetu. Tulipofika Ubungo niligeuka kumwambia mtoto wetu aangalie basi kubwa lililokuwa kando yetu. Hakunisikia. Alikuwa amekwisha kusinzia.

Mpaka juma lijalo, nakutakia safari njema.